Endeleeni Hivyo Hivyo

Mjomba wangu Msabaha alikuja London na mikoba miwili, mmoja wa nguo na mmoja wa vitu nilivyomkataza asilete. Nilimwambia kwa simu, mjomba, huku Wembley kila kitu kipo, muhogo upo, nazi ipo, hata papa mkavu yupo. Akasema, haya mwanangu, nimesikia. Kisha akaja na papa. Nyumba nzima ikanuka, na jirani yangu Bi Lila, Mhindi wa Nakuru ambaye nyama haikanyagi jikoni kwake, akafungua madirisha na baridi ile ya Oktoba. Nikamfokea mjomba, halafu nikampika papa wake kwa tui zito tukala mpaka tukalamba vidole. Ndivyo nilivyo mie Mardhiya. Mdomo unatangulia, moyo unafuata nyuma ukiomba radhi.

Hakuja kutembea. Aliitwa na watu ninaowafanyia kazi, shirika dogo la hapa London linalopeleka vifaa vya hospitali kwenye nchi zetu. Miaka miwili nyuma niliwapigia kelele vikaoni mpaka wakanichoka, wakakubali kupeleka mashine ya oksijeni kwenye kituo cha afya cha kijiji chetu, Pemba. Ni mashine ya kuchomeka kwenye umeme tu. Inachuja hewa ya kawaida, mgonjwa anaivuta kwa mpira mdogo wa puani. Mtoto mwenye homa ya mapafu akiwahishwa kwenye mpira ule anaweza akaamka kesho akadai uji.

Sharti lao lilikuwa moja. Kijiji kiwe na kamati iliyochaguliwa hadharani, na mwenyekiti asiye na doa. Wanakijiji hawakuumiza kichwa, walimchagua Mzee Msabaha. Alikuwa mtunza ghala la karafuu la serikali tangu ujana wake mpaka alipostaafu. Wenzake wengine walifungwa na wengine walijenga. Yeye alitoka na jina lake tu, na nyumba ile ile ya makuti aliyonilelea mie baada ya baba yangu kufa. Hata karafuu zilizomwagika sakafuni alikuwa akizifagia anazirudisha guniani, na ole wako wewe mtoto uliyeokota kikonyo.

Sasa shirika lilikuwa na zawadi kubwa zaidi mkononi: chumba kizima cha watoto wachanga, na mashine zake, na umeme wa jua, na mafunzo. Kingekwenda kwa kamati moja tu. Bodi ilitaka kumwona mwenyekiti uso kwa uso, imhoji, kisha iamue. Mie ningefasiri. Chumba kile nilikitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Pale kituoni mama yangu alizaa watatu wakafa wawili, na aliyebaki ndiye mie.

Tena nilikuwa na hakika tutakipata. Shirika letu linatoa alama za utawala bora, maana Wazungu wamechoka kupeleka vitu vikapotea njiani. Kila mwezi kamati inajibu maswali. Kifaa kipo? Ni kizima? Kimewekwa mahali salama? Ufunguo anao nani? Kimetumiwa kinyume na makusudio? Majibu ya mjomba yalikuja kwa wakati, na picha juu yake: mashine inameta, imefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua, kufuli kubwa mlangoni. Alama kumi kwa kumi, kila mara. Ofisini walikuwa wananitania, ati nyinyi Wapemba mnataka kutuharibia kazi, hamtuachii hata kosa moja la kuandika.

Kulikuwa na kijiji kingine, sitakitaja, nacho kilipewa mashine kama ile. Yao ilipasuka gamba. Mpira waliufunga kwa plasta. Ukiuliza ufunguo uko wapi, kila mtu anasema uko kwa fulani, na mashine yenyewe inazunguka kwenye pikapu ya mtu, leo iko kituoni, kesho nyumbani kwa mgonjwa. Alama tatu. Tukawakatia msaada. Na mie nilisema kikaoni, mbele za watu, kwamba wengine hawajui kutunza kitu cha watu. Nilisema kwa fahari, nikaongeza na mfano wa mjomba wangu.

Basi asubuhi hiyo tukapanda treni kwenda ofisini, mjomba na kanzu yake, na koti la kuazima la mume wangu juu yake, na kofia aliyoipiga pasi mwenyewe. Mwenyekiti wa bodi yetu anaitwa Surinder. Ni Singasinga, kazaliwa Kisumu, wazazi wake wakamleta huku akiwa mdogo. Kiswahili kilichomsalia ni cha jikoni na cha yaya: maji, chumvi, lete, lala, mtoto. Akamshika mjomba mkono kwa mikono yake yote miwili akasema, "Jambo, mzee." Mjomba akajibu, "Sijambo, mama," kwa adabu kabisa, japo kwetu hatuamkiani hivyo.

Wakamuuliza habari za kijiji, akajibu. Wakamuuliza kamati inakutana lini, akajibu. Nilikuwa nafasiri kama maji yanavyoteremka, na nilijiona. Kisha Surinder akauliza swali lililokuwa na uzito. Akasema sehemu nyingi vifaa vinaishia kwa wakubwa na jamaa zao. Nyinyi mmezuiaje?

Nikalifasiri. Mjomba akajiweka sawa kwenye kiti.

"Mwambie mama," akasema, "sisi tulikabidhiwa amana mbele ya umma."

Kabla sijafungua mdomo Surinder akatabasamu. Akawaeleza wenzake kwamba neno hilo analijua, kwao wanasema amaanat, bibi yake alikuwa halimtoki mdomoni. Meza nzima ikalainika. Nikamtazama mjomba wangu na moyo wangu ukajaa. Nikasema kimoyomoyo, chumba chetu hicho.

Mjomba akaendelea. "Amana haiguswi. Unaipokea nzima, unairudisha nzima. Ghalani nilifundishwa hivyo, na dini imenifundisha hivyo. Kufuli nimelinunua mwenyewe. Nesi Kijakazi kaja kuomba ufunguo, nimemkatalia. Sheha wetu, ndiye mkubwa wa serikali pale kijijini, kaja kwa ajili ya mama yake, naye nimemkatalia. Mwaka jana, mwezi wa mfungo nne, mwanangu Mwanamwema kamleta mtoto wake, Talib, pumzi zimembana. Nesi kalia mbele yangu. Nikamwambia, nikifungua kwa ajili ya mtoto wa mwanangu, nitawatazamaje wale niliowakatalia? Mtoto yule akafariki alfajiri. Lakini amana yao ipo. Hata plastiki haijabanduliwa."

Alisema bila kulia. Alisema kama mtu anayetoa hesabu kwa wakubwa zake, kisha akaningoja.

Habari za Talib nilizisikia wakati ule. Niliambiwa pumzi zilimwishia, kadari ya Mungu, nikatuma pesa za ubani na maneno ya kumliwaza Mwanamwema. Sikuuliza mashine ilikuwa wapi. Haikunipitikia hata kuuliza. Mie niliyeipigania mashine ile nilisoma ujumbe wa msiba nikarudi kwenye kazi zangu, na kazi zenyewe, Mungu anione, zilikuwa kupitisha ripoti ya kamati ya mjomba.

Na lile neno amana nilijua limetoka wapi. Lilitoka kwangu. Siku ya kukabidhi mashine nilikwenda Pemba na mkurugenzi wetu. Alisema, kwa Kiingereza, kwamba wanakijiji wataishika kwa niaba ya kila mtu na kuitumia kwa faida ya kila mtu. Kiingereza kina neno lake la mambo hayo, trust, ni la wanasheria. Nikalitafutia la kwetu, nikataka lililo zito na zuri, maana umma wote ulikuwa pale na mie nimevaa buibui jipya. Nikasema kwenye kipaza sauti, "Leo tunakukabidhini amana." Watu wakaitikia inshallah mpaka nikasisimkwa. Mtoto mdogo wa Pemba anajua amana ni nini. Ni kitu cha mwenyewe, umewekeshwa. Huvai, huli, huchezei, huazimi. Mwenyewe akirudi akikute kama alivyokiacha. Mie nilijua pia. Nilikuwa London siku nyingi, nikasahau kwamba neno lina watu wanaolishika.

Naye aliniuliza. Hilo ndilo linalonila. Mwaka wa kwanza haujaisha alinipigia, "Mardhiya, wenyewe wanaridhika na tunavyoitunza?" Nilikuwa kwenye basi, watu wamenibana, nikamjibu, "Wameridhika mno, mjomba. Endeleeni hivyo hivyo."

Meza yote ilikuwa ikinitazama. Mficha uchi hazai, najua, methali hiyo nimewatolea wengine mara ngapi. Mie nikauficha. Nikasema kwa Kiingereza kwamba mzee anasema hakuna jamaa wala mkubwa aliyependelewa, hata wa damu yake mwenyewe.

Surinder akainamisha kichwa kidogo. Akasema nimesikia neno mtoto. Amesema nini kuhusu mtoto?

Mngeniona sura yangu. Nikacheka kidogo, nikasema, "Anasema anaitunza kama mtoto."

Wote wakasema aa, kwa ile sauti ya watu walioguswa. Mmoja akaandika. Mjomba akanitazama mie, akawatazama wao wanavyotabasamu, Surinder akicheka, uso wake ukaonesha kutoelewa, kisha ukajikunja kwa heshima. Tukaambiwa uamuzi utatoka wiki ijayo lakini tusiwe na wasiwasi. Surinder alitusindikiza mpaka kwenye lifti.

Katika treni ya kurudi tulitoka chini ya ardhi na mwanga ukaingia. Ndipo mjomba akasema, "Watu wazuri wale. Lakini yule mama nilipomtaja Talib hakusema hata pole. Akacheka."

"Wana desturi zao, mjomba," nikasema.

"Eh. Kila watu na zao." Akapangusa dirisha kwa mkono wa koti. "Ungeniambia mapema. Nisingemtaja marehemu mbele ya watu wasiojua kusema pole."

Nilitazama viatu vyangu mpaka Wembley Park.

Nyumbani nikamwekea chai ya maziwa. Akasali laasiri sebuleni, akarudi jikoni na furaha imemrudia kidogo. Akaanza kunieleza mipango. Vile vitu vikija, alisema, vitaingia vyote kwenye chumba kile kile, keshakipima. Atatia na komeo la pili. Ikibidi atahamia pale alale mlangoni, uzee wake una kazi gani nyingine. Alikuwa anapanga kufungia chumba kizima cha watoto, kwa upendo, kwa ajili yangu, nisije nikaaibika mbele ya Wazungu wangu.

Nikaona nikinyamaza hapa basi mie si mtu.

"Mjomba," nikasema, "ile mashine si ya kuwekwa."

"Ya nini?"

"Ya kutumiwa. Tangu siku ile ile. Angeitumia nesi, kwa mgonjwa yeyote, kila siku, mpaka ichakae. Ikichakaa wanaleta nyingine."

Akaweka kikombe chini. "Ulisema amana."

"Nilikosea neno."

"Mbele ya umma ulisema amana."

"Nilisema, mjomba. Nilikosea. Nilitaka neno zuri."

"Na nilipokuuliza kwa simu."

"Nilidhani unauliza kama hamjaiiba."

Haya ndiyo maneno niliyomwambia mtu aliyefagia karafuu za serikali sakafuni akazirudisha guniani. Yalinitoka hivyo yalivyo. Hakukasirika. Nilitamani akasirike. Alikaa akiitazama mikono yake juu ya kitambaa cha meza, akaigeuza, akaitazama na viganja.

"Hata Talib?" akauliza.

"Hata Talib."

"Hata kama ni mjukuu wangu, isingekuwa hiyana?"

"Isingekuwa hiyana, mjomba. Ilikuwa yake. Ilikuwa ya watoto kama yeye."

Hapo ndipo alipolia. Mzee akilia mbele yako hujui uielekeze wapi sura yako. Nilitaka kumshika nikaona sina haki ya kumshika, nikabaki nimesimama na kitambaa cha vyombo mkononi. Nikawakumbuka wale wa alama tatu, na mpira wao wa plasta, na pikapu yao. Gamba lao lilipasuka kwa sababu watoto walikuwa wanapumua.

Nikafanya lile ninalolijua, nikaanza kuamrisha. Nikamwambia tumpigie Nesi Kijakazi sasa hivi. Aliyeachiwa ufunguo afungue, nesi aitoe mashine aiwashe, mambo mengine baadaye. Nikashika simu.

Mjomba akaingiza mkono ndani ya kanzu, kwenye mfuko wa kifuani, akatoa ufunguo uliofungwa kwa uzi wa kushonea kofia. Akauweka mezani baina ya vikombe.

"Ningemwachia nani?" akasema. "Amana huendi safari ukaiacha kwa watu."

Tulitazamana. Kumi kwa kumi. Ufunguo wa pumzi za kijiji kizima ulikuwa juu ya meza yangu ya jikoni, Wembley, pembeni ya sukari.

Nesi Kijakazi alipokea akidhani kuna msiba. Nilitia sauti kubwa ili tusikie wote. Mjomba akamwamkua, akamuuliza habari za watu, hakuacha hata moja, kisha akasema, "Una mgonjwa wa pumzi hapo?"

"Yupo mtoto, mzee. Kaletwa tangu mchana. Tunampepea tu."

"Vunja ule mlango."

Tukasikia mtoto akikohoa kwa mbali, kikohozi kikavu.

"Mzee," nesi akasema polepole, "wenyewe wamekubali?"

"Walikubali zamani. Mimi ndiye nisiyeambiwa. Mwite mtu mwenye shoka. Akikuuliza mtu, sema Msabaha kasema."

"Nilikuonea muhali, mzee," nesi akasema, na sauti yake ikakatika. "Siku ile ya Talib. Ningelivunja mwenyewe. Nilikuonea muhali."

"Najua, mwanangu. Sote." Akaisogelea simu. "Mwanamwema usimwambie kitu. Nitakuja kumwambia mwenyewe."

Hatukukata. Tulisikia shoka, na watu wakijaa, na mtu akiuliza kwa ukali nani kawapa ruhusa, na mlango ukilia. Halafu plastiki ikichanwa. Halafu mngurumo mdogo, kama wa friji kuukuu. Nesi akasema inafanya kazi, mzee, inafanya kazi kama mpya. Mjomba akasema, "Ndiyo mpya," akanirudishia simu.

Nilimmiminia chai nyingine, ile ya kwanza ilishapoa. Hakuigusa. Alikuwa akifikiri, na nilijua anafikiri nini kabla hajasema.

"Yule mama wa ofisini," akasema. "Aliyecheka."

"Mjomba."

"Kama ilikuwa ya kutumiwa, na mimi nikasimama mbele yao nikasema mtoto kafa na mashine ipo chumbani, wasingecheka. Hata mnyama asingecheka. Uliwaambia nini?"

Nikamwambia. Lile la kwanza na lile la pili, la kuitunza kama mtoto. Nilimwambia nikiwa nimeangalia jiko, na sikujitetea, maana nilikuwa na utetezi mwingi na wote ulikuwa unanuka. Sikutaka chumba kipotee. Sikutaka waone mjomba wangu mjinga. Hayo yalikuwa kweli. Lakini kweli ya chini kabisa ni kwamba sikutaka wajue neno lilikuwa langu.

Nje watoto wa shule walikuwa wakipita na kelele zao za Kiingereza.

"Mimi ile yangu sikuigusa," akasema hatimaye, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeagiza chumvi. "Nilikosea, lakini sikuigusa. Wewe nilikupa maneno yangu uyafikishe. Yalikuwa amana, Mardhiya. Umeyala."

Amenilea, hajawahi kunipiga, na sijawahi kupigwa namna ile.

"Mpigie," akasema.

"Watatunyima chumba, mjomba."

"Wakitunyima, wampe mwingine anayejua kutumia. Mpigie."

Akainuka, akaja akasimama ubavuni pangu, akanyoosha kanzu yake, tayari kusikiliza lugha asiyoijua mpaka mwisho. Surinder akapokea upesi, mchangamfu, akasema, "Jambo, Mardhiya." Nikamwambia lile neno alilolisikia leo mezani alilisikia sawasawa. Nikamwambia alikuwa mtoto kweli, na jina lake Talib.